Shangingi Kimeo: Mnunuzi Arudi Gereji Mara Ngapi?

Wadau, wiki hii nimejikuta nasoma kesi za magari za zamani. Hakuna mhariri aliyenituma. Ilianza na swali dogo ambalo kila mwenye gari mjini amewahi kujiuliza: gari likiharibika leo, fundi akalitengeneza, wiki ijayo likaharibika palepale, mwezi ujao tena, ni safari ya ngapi ya gereji ambapo mtu anapata haki ya kusema basi, chukueni gari lenu, nirudishieni hela yangu?

Sisi tuna neno letu kwa gari la namna hiyo: kimeo. Wamarekani huliita limau, na wana sheria zinazoitwa hivyo hivyo, sheria za limau. Uingereza hawakuwa na jina tamu kama hilo, lakini walikuwa na kesi, na moja ya kesi hizo inahusu shangingi hasa, Range Rover mpya kabisa. Nitaanza na hiyo, kwa sababu gari lenyewe lilitoka kwao, na sheria yetu ya kununua na kuuza nayo ilitoka kwao. Marekani tutafika, subirini.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Wazee wetu wanaijua vizuri: gari la bwana shauri, la polisi, la mmisionari, gari la kupita pasipopitika. Haikuwa na raha yoyote ndani yake na hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1970 kampuni ileile ikatoa Range Rover, na hapo mambo yakabadilika. Hili lilikuwa gari la porini lenye viti vya mjini. Unaweza kulipeleka shambani asubuhi na jioni ukalishusha mbele ya hoteli bila kuona haya. Kwa maneno mengine, shangingi lilizaliwa kabla sisi hatujalipa jina.

Mwezi Novemba 1981 wateja fulani wa Uingereza walinunua Range Rover mpya kwa muuzaji wa Scarborough, mji ulio pwani ya kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Bei ilikuwa kama pauni 16,000. Wakati ule hiyo haikuwa pesa ya mchezo, watu wengi Uingereza walikuwa hawapati kiasi hicho kwa mwaka mzima wa kazi. Baada ya wiki chache likaonekana halifai. Muuzaji akalichukua, akawapa jingine, jipya pia, kwa masharti yaleyale. Mpaka hapo unaweza kusema muuzaji ni muungwana.

Tatizo ni kwamba la pili nalo lilikuwa kimeo. Lilifika likiwa na kasoro kwenye injini, kwenye giaboksi na kwenye bodi, na sili za oili hazikuwa sawa. Likarudishwa kutengenezwa, likarudi, likarudishwa tena. Miezi sita ikapita hivyo. Mita ilishasoma zaidi ya maili 5,500, na bado injini ilikuwa inamisi kwa mwendo wowote ule, giaboksi inapiga kelele, na bodi ina kasoro za kuonekana kwa macho. Wateja wakachoka. Wakasema hatulitaki.

Muuzaji akakataa, wakaenda mahakamani. Na hapa ndipo panaponivutia, maana jaji wa kwanza alimpa ushindi muuzaji. Hoja yake ukiisikia haraka haraka inaonekana ya akili: gari lilikuwa linatembea. Maili 5,500 si mchezo. Lilikuwa salama kuwa barabarani, na kasoro zote zilikuwa za kutengenezeka. Sheria ilitaka bidhaa iwe na ubora wa kuuzika, yaani iwe inafaa kwa matumizi ambayo watu huinunulia. Gari hununuliwa liendeshwe. Hili liliendeshwa. Kesi imekwisha.

Ni mara ngapi umeambiwa maneno haya na fundi au na mtu wa yadi? "Si linatembea, kaka?" Linatembea kweli. Na wewe unatembea nalo huku roho iko mkononi, unasikiliza kila mlio kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

Wateja wakakata rufaa. Kesi hiyo, ambayo vitabu vya sheria vinaiita Rogers dhidi ya Parish, imo kwenye ripoti za mwaka 1987, na Mahakama ya Rufaa ikaigeuza hukumu juu chini. Jaji Mustill alisema mtu hanunui gari ili limtoe pointi moja hadi nyingine tu. Ananunua pia kiwango fulani cha starehe, wepesi wa kuliendesha, uhakika kwamba halitamwangusha, na hata fahari ya kulitazama nje na ndani. Kiwango chenyewe kinategemea gari gani na bei gani. Anayenunua Range Rover mpya kwa bei ile hatarajii kile anachotarajia mtu wa gari dogo lililotumika.

Neno fahari ndani ya hukumu ya mahakama! Mimi nilisoma mara mbili. Nadhani lilihitaji kusemwa na jaji wa ngazi ile, kwa sababu muuzaji siku zote hujaribu kumfanya mnunuzi aone haya: unalalamikia rangi? Unalalamikia kelele? Mahakama ikasema ndiyo, analalamikia, na amelipia.

Kulikuwa na hoja ya pili ya muuzaji, na hii nawaomba muishike, itarudi. Alisema gari lilikuwa na waranti ya mtengenezaji, kwa hiyo mteja alijua kwamba kasoro zinaweza kuwepo na kwamba zitatengenezwa bure. Mustill hakuikubali. Waranti ni nyongeza juu ya haki za mnunuzi, haiji kuzipunguza. Itakuwaje mtu atarajie gari baya zaidi kwa sababu tu amepewa waranti?

Safi. Lakini msishangilie bado. Ndani ya ripoti za mwaka uleule wa 1987 kuna kesi nyingine, ya Bernstein dhidi ya Pamson Motors, na inasikitisha. Huyu alinunua Nissan Laurel mpya, akakaa nayo wiki tatu, akatembea maili 140 tu, injini ikafa barabara kuu. Kipande cha gundi ya kiwandani kilikuwa kimeziba njia ya oili. Mahakama ikakubali kwamba gari halikuwa na ubora wa kuuzika. Lakini ikasema pia kwamba wiki tatu zilitosha kulikagua na kulijaribu, muda wa kulikataa ulishapita, kwa hiyo mnunuzi alihesabiwa kuwa amelipokea. Alistahili fidia kidogo, si kurudisha gari.

Sasa weka kesi hizi mbili mezani. Mwenye shangingi alikaa nalo miezi sita akashinda, kwani pale kwenye rufaa ubishi ulikuwa juu ya ubora na si juu ya kuchelewa. Mwenye Nissan alikaa wiki tatu akashindwa kurudisha. Sheria ilisema mnunuzi alikatae gari ndani ya "muda unaofaa", na muda unaofaa ni upi, hakuna aliyejua mpaka jaji aamke na hesabu zake. Na mtego mkubwa ulikuwa kwa mnunuzi mvumilivu. Yule anayesema haya, tengenezeni, nitasubiri, ndiye aliyekuwa anapoteza haki yake kila siku aliyosubiri. Uvumilivu wake ulikuwa unaandikwa kwenye daftari la muuzaji.

Tuvuke bahari.

Marekani walianza na balaa hili mapema kuliko wengine kwa sababu ndio walioanza kununua magari kama sisi tunavyonunua simu. Mwaka 1916 huko New York kulikuwa na kesi ya MacPherson dhidi ya Buick. Gurudumu lilikuwa na spoki za mbao mbovu, zikavunjika mtu akiendesha. Kampuni ikasema hatukumuuzia yeye, tulimuuzia wakala, hatuna mkataba naye. Jaji Benjamin Cardozo akaifuta hoja hiyo: aliyetengeneza kitu ambacho kikiwa kibovu kinaua, ana wajibu kwa atakayekitumia. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ilimsaidia aliyeumia. Ambaye gari limemchosha tu bila kumvunja mguu alikuwa hajapata kitu.

Watengenezaji nao hawakulala. Walitunga karatasi ya waranti ya pamoja kupitia chama chao, ikawa inatolewa na karibu kila kampuni. Tunaijua kwa sababu ya kesi nyingine, Henningsen dhidi ya Bloomfield Motors, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya New Jersey mwaka 1960. Mume alimnunulia mkewe Plymouth mpya mwezi Mei 1955, zawadi ya Siku ya Mama. Siku chache baadaye, mita ikiwa na maili 468, mama yule akasikia mlio chini ya boneti, usukani ukazunguka wenyewe mikononi mwake, gari likapiga ukuta. Mbele pakaharibika kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuonyesha ni kipi hasa kilichovunjika.

Karatasi ya waranti ilisemaje? Kwamba kampuni itabadilisha kipuri kibovu ndani ya siku 90 au maili 4,000, tena mteja akipeleke kiwandani kwa nauli yake, na kwamba ahadi hiyo inafuta ahadi nyingine zote, za maandishi na zisizo za maandishi. Maandishi madogo, nyuma ya karatasi. Mnaona ujanja? Kitu kinachoitwa waranti, ambacho mteja anakipokea kwa furaha, kazi yake halisi ilikuwa kumnyang'anya haki ambazo angekuwa nazo bila hiyo waranti. Mahakama ikasema hapana. Mteja hana pa kwenda, kampuni zote zina karatasi ileile, hayo si makubaliano. Ikaifuta. Hoja ya Range Rover niliyowaambia mshike, ya waranti kuja kupunguza haki, ilishapigwa New Jersey miaka zaidi ya ishirini kabla.

Palepale New Jersey, mwaka 1968, ikaja kesi ya Zabriskie Chevrolet dhidi ya Smith, na hii ndiyo naipenda kuliko zote kwa udogo wake. Mke wa mnunuzi alilichukua gari jipya dukani kwenda nalo nyumbani. Baada ya saba ya kumi ya maili moja, hata hajafika mbali, likazima. Likawaka, likazima kwenye kila taa za barabarani, mwisho likawa haliendi. Mume akaisimamisha hundi benki siku hiyohiyo. Muuzaji akang'oa giaboksi kwenye gari jingine la dukani akalifunga pale, akasema tayari, njoo uchukue. Mume akakataa, na mahakama ikamuunga mkono. Ilisema watu wananunua gari jipya wapate utulivu wa moyo, na imani ikishatikisika, huwezi kumlazimisha mtu akubali viraka vya muuzaji.

Lakini bwana yule alikuwa na bahati mbili: gari lilimfia mapema, na hundi ilikuwa haijalipwa. Je, wewe ambaye umelipa taslimu, na kimeo chako kikaanza mwezi wa tatu?

Kabla sijaendelea, neno lenyewe. Limau kwa maana ya bidhaa mbovu lilikuwa mitaani Marekani muda mrefu. Mwaka 1960 kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach ilitoa tangazo la Volkswagen lenye picha ya gari na neno moja tu chini yake, limau, kisha maelezo kwamba gari hilo lilikataliwa na mkaguzi wa kiwanda kwa kasoro ndogo ya urembo. Ujasiri ulioje. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof akaandika makala kuhusu soko la malimau. Majarida matatu yaliikataa kabla la nne halijaikubali, na mwaka 2001 akapata Nobeli pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Wazo lake unaweza kuliona kwenye yadi yoyote: muuzaji anajua gari lake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa mnunuzi hajui, anatoa bei ya wasiwasi, bei ya katikati. Mwenye gari zuri anaona anapunjwa, analiondoa sokoni. Yanabaki mabovu. Bei inashuka zaidi. Mwisho hata mnunuzi mwenye pesa na muuzaji mkweli hawakutani, ingawa wote wapo.

Akerlof alitaja waranti kuwa moja ya dawa. Na Bunge la Marekani likajaribu dawa hiyo. Sheria ya Magnuson-Moss ilitiwa saini Januari 1975 na Rais Gerald Ford. Ilisema kampuni ikitoa waranti "kamili" na ikashindwa kutengeneza kasoro baada ya majaribio ya idadi inayofaa, mteja achague kurudishiwa pesa au kupewa kingine. Vizuri, isipokuwa mambo mawili. Kwanza, hakuna aliyelazimishwa kutoa waranti kamili, kwa hiyo kampuni za magari zikaandika juu ya karatasi zao "waranti yenye mipaka", zikaendelea na maisha. Pili, "idadi inayofaa" ni ngapi? Mbili? Tisa? Tumerudi kwa jaji na hesabu zake.

Aliyelikata fundo hili alikuwa mbunge wa jimbo dogo la Connecticut, John Woodcock, na sheria yake ilianza kazi Oktoba 1982. California nao, kwa mswada wa mbunge Sally Tanner, walipitisha yao mwaka huohuo, ikaanza Januari 1983. Jambo jipya ndani yake halikuwa la falsafa. Lilikuwa ni namba. Kasoro ileile ikitengenezwa mara nne na ingali ipo, au gari likikaa gereji jumla ya siku 30 kalenda, inachukuliwa kwamba majaribio yametosha. Kampuni ikitaka kubisha, ibishe yenyewe, mzigo wa kuthibitisha umehama.

Mara nne, siku 30. Ukiangalia haraka ni kama kanuni ya maktaba. Lakini fikiria imebadilisha nini. Zamani kila safari ya gereji ilikuwa inamdhoofisha mnunuzi, inampunguzia muda. Sasa kila safari inamjengea kesi. Karatasi ya gereji ambayo wengi wetu tunaifutia mikono ikawa ushahidi: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, mteja amelalamika nini. Ndiyo maana mawakili wa huko humwambia mteja kitu cha kwanza asikubali kutoka gereji bila karatasi, hata kama fundi ameandika kwamba hakuona tatizo lolote. Karatasi inayosema "hatukuona tatizo" nayo inahesabiwa.

Na hesabu ya pesa nayo wakaiweka wazi ili watu wasigombane. California hutoa mfano mzuri: mteja anarudishiwa bei, inakatwa sehemu ya matumizi kabla ya kasoro kuripotiwa mara ya kwanza. Zidisha bei kwa maili alizotembea mpaka siku hiyo, gawa kwa 120,000. Gari la dola 30,000 lililotembea maili 6,000 kabla ya kupelekwa gereji mara ya kwanza linakatwa dola 1,500. Ona: maili zinazohesabiwa ni za kabla ya safari ya kwanza ya gereji, si za baada ya mwaka mzima wa kuzungushwa. Kampuni haipati faida kwa kukuchelewesha.

Leo majimbo yote 50 yana sheria ya namna hii, kila moja na namba zake. Si pepo lakini. Kampuni zilipenda kesi zipelekwe kwa wasuluhishi ambao zenyewe ndizo zinawagharimia, mpaka Connecticut ikaunda usuluhishi wa serikali mwaka 1984. Malimau yaliyorudishwa yalikuwa yanavushwa jimbo la pili na kuuzwa kama magari ya kawaida, ndipo majimbo kama California yakaamua kuyapiga muhuri kwenye kadi ya gari, kwamba hili lilirudishwa kwa sheria ya limau.

Wapenzi wa mashangingi nao wana mitego yao. Tafsiri ya gari ndani ya sheria ya California inaacha nje chombo ambacho hakisajiliwi kwa sababu kinatumika nje ya barabara tupu, zile baiskeli za magurudumu manne za porini. Na hata lenye namba za usajili, kampuni inaweza kujitetea kwamba kasoro imetokana na mwenye gari kulitumia vibaya au kulibadilisha: umeinua springi, umefunga matairi makubwa, umelizamisha mtoni. Yaani wanakuuzia gari kwa picha ya mlima na matope, halafu siku ya kudai wanauliza ulikwenda kufanya nini kwenye matope.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Oktoba 2024. Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya pikapu, Dodge Ram 2500 ya mwaka 2011, iliyonunuliwa mwaka 2013 ikiwa imeshatumika na ikiwa na sehemu ya waranti ya kiwanda iliyobaki. Umeme ulikuwa unasumbua tena na tena. Mahakama ikasema gari lililotumika, hata kama waranti ya mtengenezaji haijaisha, si "gari jipya" kwa maana ya kurudishiwa pesa au kupewa jingine. Yapo majimbo kama Massachusetts na New York yenye sheria ya pembeni kwa magari yaliyotumika. Lakini shabaha ya sheria hizi tangu mwanzo ilikuwa gari jipya.

Nanyi mnaona ninakoelekea. Sisi tunanunua gari gani? Sehemu kubwa ya magari tunayonunua Dar, Arusha, Mombasa na Nairobi yalishatumika Japani kabla hayajapanda meli. Rafiki yangu mmoja wa Arusha, mtu wa utalii, alichukua shangingi kwenye yadi moja akiwa amekopa ili awahi msimu. Giaboksi ikaanza kuteleza ndani ya mwezi. Alirudi mara tano. Kila mara alipokelewa kwa soda, akatengenezewa, akaondoka. Watalii wake akawakodishia gari la mtu mwingine, mkopo ukawa unakwenda mbele. Mara ya tano aliambiwa: lakini kaka, si ulikuja na fundi wako akalikagua? Hana karatasi hata moja ya safari zile. Soda haina risiti.

Sheria inayomhusu ni ipi? Ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania Bara, na Wakenya wana ndugu yake, Sura ya 31. Zote mbili ni watoto wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893 iliyoandikwa na Sir Mackenzie Chalmers, wakati ambapo bidhaa iliyogombaniwa ilikuwa pamba, nafaka na farasi. Maneno "ubora wa kuuzika" waliyobishania kwenye Range Rover yamo humo. "Muda unaofaa" uliomwangusha mwenye Nissan nao umo.

Waingereza wenyewe walishahama. Mwaka 1994 waliyatoa maneno hayo wakaweka ubora wa kuridhisha, wakataja kwa majina mwonekano, usalama, kudumu, na kutokuwa na kasoro ndogondogo, kana kwamba wamemsikiliza Mustill. Kisha Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015, iliyoanza Oktoba mwaka huo, ikaleta namba hatimaye: siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu na kupewa pesa yote. Zikipita, muuzaji anapata nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Moja, si nne. Ikishindikana, mnunuzi anaweza kulikataa gari au kupunguziwa bei. Na kasoro inayojitokeza ndani ya miezi sita inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kuuzwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Na hiyo inamlinda hata aliyenunua gari lililotumika kwa mfanyabiashara, ingawa kiwango kinashuka kulingana na umri na bei.

Sisi tumeongeza vipande vyetu. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake, Kenya ina Katiba ya 2010 inayompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Ni maneno mazuri. Lakini hamna humo mara nne wala siku 30, na Akerlof angetuambia kwamba soko letu ndilo hasa alilokuwa anaandika, la magari yaliyotumika, muuzaji anajua na mnunuzi hajui.

Halafu kuna lile la fundi. Sheria ya 1893 ilikuwa na sharti ambalo bado tunalo: mnunuzi akishaikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzionyesha. Jamaa wa yadi hakuwa amekosea sana kisheria alipouliza habari za fundi. Lakini sharti lina upande wa pili ambao hakuutaja. Kinachofutwa ni kile ambacho ukaguzi uliofanyika ulipaswa kukiona, basi. Kama fundi alifungua boneti, akasikiliza injini, akatazama chini ya gari kwa tochi pale pale yadini, hakuna aliyetegemea aone giaboksi itakayoanza kuteleza baada ya wiki tatu za mlima wa Karatu.